"Perta" Jukwaani Minsk: Lugha Ndogo katika Shindano Kubwa la Nyimbo

Uhakiki wa nyimbo katika idara zetu umezoea kuanzia kwenye maneno: wimbo unasema nini, mtunzi ametumia tamathali zipi, ujumbe wake kwa jamii ni upi. Ni nadra mhakiki kuuliza wimbo umeimbwa kwa lugha gani na kwa nini lugha hiyo, kana kwamba lugha ni kikapu tu, na kinachohesabiwa ni viazi vilivyomo. Makala haya yanaanzia hapo panaporukwa. Mfano tulioteua unatoka mbali na Kigali. Ni wa msichana wa Wales aitwaye Manw, ambaye mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 14, aliiwakilisha nchi yake katika shindano la nyimbo la watoto wa Ulaya, yaani Junior Eurovision, lililofanyika Minsk, mji mkuu wa Belarusi, tarehe 25 Novemba. Aliimba wimbo uitwao "Perta" kwa lugha ya Kiwelisi. Nchi zilizoshindana zilikuwa 20. Akawa wa 20.

Safari yake katika mashindano ya kimataifa ilianza na kwisha ndani ya muda mfupi sana. Mchujo wa mwisho wa nyumbani ulifanyika Oktoba katika mji wa Llandudno, na kabla ya Novemba kwisha mambo yote yalikuwa yamekwisha. Ufupi huo haukutokana na uvivu wa mwimbaji wala na uchache wa kipaji. Kanuni za shindano zinataka washiriki wawe na umri wa miaka 9 hadi 14, hivyo anayeingia akiwa na miaka 14 anaingia mara moja tu. Mwanariadha akishindwa hurudi mwaka unaofuata na viatu vingine. Mtoto huyu hakuwa na mwaka unaofuata. Mhakiki anayempima kwa nafasi aliyoipata hana budi kwanza kukumbuka jambo hilo.

Kwa msomaji asiyeifahamu Wales, inatosha kusema kwamba ni sehemu ya Ufalme wa Muungano, upande wa magharibi wa Uingereza, na kwamba lugha yake ya asili haina udugu wa karibu na Kiingereza. Kiwelisi ni cha jamii ya lugha za Kikelti. Sensa ya mwaka 2011 iliwapata wasemaji 562,000 hivi; ile ya mwaka 2021 ikawapata 538,000 hivi, yaani chini ya mtu mmoja kwa kila watano wa nchi hiyo. Wote hao wanaishi na Kiingereza mlangoni, sokoni na katika simu zao. Lugha hiyo ina kituo chake cha televisheni, S4C, kilichoanza kurusha matangazo Novemba 1982, na hakikupatikana kwa hisani. Mwaka 1980 mwanasiasa Gwynfor Evans alitangaza kwamba angegoma kula hadi kufa iwapo serikali ya London ingeendelea kukwepa ahadi yake ya kuanzisha kituo cha Kiwelisi. Serikali ikasalimu amri. S4C ndiyo iliyompeleka Manw Minsk miaka 36 baadaye. Kwa hiyo nyuma ya mtoto yule aliyesimama jukwaani kulikuwa na mzee aliyekuwa tayari kufa njaa, ingawa watazamaji wengi wa Ulaya hawakuwa na namna ya kulijua hilo.

Tuutazame wimbo wenyewe, na kwanza jina lake, kwa maana walimu wa lugha hawawezi kulipita. Katika Kiwelisi *pert* ni kivumishi chenye maana ya kupendeza, na *perta* ni hali yake ya upeo: anayependeza kuliko wote. Lakini ukitaka kusema kwamba msichana ndiye anayependeza kuliko wote, konsonanti ya kwanza hubadilika, ikawa *berta*. Ukimsema mvulana, hubaki *perta*. Jinsia ya mtu inajitokeza katika sauti ya kwanza ya sifa yake, si mwishoni mwa neno kama ilivyo katika Kifaransa. Mwanafunzi wa Kizungu hushangazwa sana na mabadiliko haya ya mwanzo wa neno. Mwanafunzi wa Kigali hana haja ya kushangaa. Yeye amekua akisema *ururimi* na *indimi*, na anaandika *igitabo* kwa *g* lakini *ikiganiro* kwa *k* bila mtu kumwelekeza. Katika Kiswahili anajifunza *mti mrefu* lakini *njia ndefu*, *ulimi* na *ndimi*, na neno lenyewe tunalolijadili, *wimbo* na *nyimbo*. Sababu si moja: katika Kinyarwanda *k* hugeuka *g* kwa ajili ya sauti inayofuata, ilhali *p* ya Kiwelisi hugeuka *b* kwa amri ya sarufi. Hata hivyo, sikio la Mbantu limekwisha kuzoea kwamba mwanzo wa neno si mahali pa kutegemea. Mwalimu wa fonolojia anayetafuta mfano wa nje ya bara letu amepata hapa mfano wenye muziki.

Mtunzi wa wimbo ni Ywain Gwynedd, mwanamuziki mtu mzima wa Wales. Hili nalo lina historia yake. Shindano hili lilipoanza Copenhagen mwaka 2003, kanuni ziliwataka watoto wenyewe watunge nyimbo zao. Baadaye kanuni hizo zililegezwa, na sasa kazi kubwa ya utungaji imo mikononi mwa watu wazima waliobobea katika biashara ya muziki. Kwa hiyo tunapohakiki "Perta" tunahakiki kazi ya watu wawili ambao umri wao haulingani: mtunzi aliyejua anachotaka kusema, na mwasilishaji aliyepewa maneno hayo ayaimbe kama yake. Muziki wake ni pop ya kawaida, laini, ya aina ambayo ungeisikia katika redio ya mji wowote wa Ulaya. Sauti ya mwimbaji ni safi. Hapa ndipo tunapoona udhaifu wa kazi hii, na hatuoni sababu ya kuuficha kwa kuwa mwimbaji ni mtoto na lugha ni ndogo: lahani ile ingeweza kuvishwa lugha yoyote. Lugha ilipelekwa Minsk, lakini wimbo haukupewa nafasi ya kuitumia kama chombo cha muziki.

Wanafunzi wetu wanaposimuliwa kisa hiki huwa na swali moja, nalo huja upesi: kwa nini hakuimba Kiingereza? Anakijua, wakubwa wake wanakijua, majaji wanakijua. Swali hili si la kubezwa, na anayetaka kulitilia nguvu ana ushahidi mkononi. Mwaka 2022 Ufalme wa Muungano ulirudi katika shindano hilo hilo, safari hii kupitia BBC, ukamtuma Yerevan msichana wa miaka 13, Freya Skye, aliyeimba Kiingereza. Akawa wa tano, na katika kura za watazamaji akaongoza. Ukiweka matokeo hayo mawili kando kwa kando, hitimisho linakuja lenyewe: lugha ndogo ilimwangusha mmoja, lugha kubwa ikamwinua mwingine.

Hitimisho hilo halisimami. Mwaka 2016, huko Valletta, Mariam Mamadashvili wa Georgia alishinda shindano lote kwa wimbo "Mzeo", ulioimbwa Kigeorgia mwanzo hadi mwisho. Kigeorgia kina wasemaji wasiozidi milioni nne hivi na hakisomeshwi katika shule za Ulaya. Georgia hiyo hiyo ilishinda mwaka 2008, huko Limassol, kwa wimbo "Bzz.." wa kikundi cha Bzikebi, na wimbo ule haukuwa wa lugha yoyote: maneno yake yalikuwa ya kubuni tu. Watoto waliiga nyuki, nao wakalishinda bara zima. Kama hadhira inaweza kuupa ushindi wimbo usio na lugha kabisa, basi kutoelewa maneno si kosa linalomwangusha mwimbaji. Tatizo lazima litafutwe kwingine.

Tuchukue jina la "Mzeo". Kwa Kigeorgia *mze* ni jua, na ile *o* ya mwishoni ni alama ya kuita, kwa hiyo tafsiri yake ni "Ewe jua". Ni nidaa. Anayesikiliza bila kujua neno hata moja anasikia kwamba mtu anaitwa, kwa sababu wimbo wote umejengwa juu ya mwito: unaanza chini, unapanda, unaishia katika sauti ambayo mtoto wa miaka ile hakutarajiwa kuwa nayo. "Perta" ni kivumishi. Kinaeleza, hakiiti. Ili sifa ikufikie lazima ujue inasema nini na inamsema nani, na hapo ndipo msikilizaji wa Minsk alipoachwa nje. Hili ndilo funzo la kifani tunalolipata kwa kulinganisha nyimbo hizi mbili, na linawahusu pia watunzi wetu wanaopenda kujaza beti kwa mafunzo: wimbo unaovuka mpaka wa lugha huvuka kwa nidaa, kwa takriri, kwa kiitikio kinachoweza kushikwa na asiyekielewa. Wazee wa ngoma za pwani na wapiga makofi wa hapa Rwanda walilijua hili zamani.

Kuna pia hesabu ya kura, ambayo haina ushairi wowote. Manw alipata alama 29, mshindi wa mwaka ule, Roksana Węgiel wa Poland, akapata 215. Tangu mwaka 2017 watazamaji hupiga kura kwa intaneti, kila mmoja akitakiwa kuchagua nyimbo zisizopungua tatu, na anaruhusiwa kuipigia hata nchi yake. Nchi yenye watu milioni 38 inayojipigia kura haiko sawa na nchi ya watu milioni tatu inayoshiriki kwa mara ya kwanza. Węgiel naye, tuseme haki, aliimba vizuri sana, na kwa ujanja: Kipolandi katika beti, Kiingereza katika kiitikio. Kanuni zilimruhusu. Zinataka sehemu kubwa ya wimbo iwe katika lugha ya taifa la mwimbaji, lakini zinaacha mwanya wa lugha nyingine. Poland iliutumia mwanya, Wales ikakataa kuutumia.

Mwaka 2019 S4C ilijaribu tena. Erin Mai, mwenye umri wa miaka 13, aliimba "Calon yn Curo", yaani "Moyo Unadunda", katika mji wa Gliwice nchini Poland. Alikuwa wa 18 kati ya 19, kwa alama 35. Poland ikashinda tena. Mwaka 2020 Wales haikushiriki, wala haikurejea katika miaka iliyofuata. Mashindano mawili, watoto wawili, basi. Nyumbani kwao hata hivyo kuimba Kiwelisi mbele ya watu hakukukoma, kwa sababu hakukuanzia Minsk. Urdd, chama cha vijana kilichoanzishwa mwaka 1922, kina tamasha lake la kila mwaka ambapo watoto hushindana kuimba na kughani mashairi kwa lugha hiyo. Shindano la Cân i Gymru, yaani Wimbo kwa ajili ya Wales, lipo tangu 1969. Eisteddfod ya taifa haitambui lugha nyingine jukwaani tangu mwaka 1950. Mtoto wa kule akishindwa Ulaya ana mahali pa kurudi kuimba.

Sasa tugeuke tujitazame. Afrika Mashariki imekuwa na mashindano yake ya kimataifa. Tusker Project Fame iliendeshwa Nairobi kwa misimu sita kati ya 2006 na 2013. Mshindi wa kwanza alikuwa Valerie Kimani wa Kenya. Mwaka 2009, miaka miwili tu baada ya Rwanda kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mshindi alikuwa Mnyarwanda, Alpha Rwirangira, na wengi wetu tunaikumbuka furaha iliyokuwapo Kigali. Mwaka 2013 ikawa zamu ya Burundi kupitia Hope Irakoze. Halafu mwaka 2019 kukawa na East Africa's Got Talent, iliyokuwa na msimu mmoja tu, ikiwa na majaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ushindi na dola 50,000 vilichukuliwa na ndugu wawili wa Uganda, Esther na Ezekiel Mutesasira, wangali watoto. Nao pia, kama Manw, jukwaa lao lilikunjwa mara tu baada ya kushuka.

Katika mashindano haya mawili lugha ya uendeshaji ilikuwa Kiingereza. Majaji walisifu kwa Kiingereza, walikosoa kwa Kiingereza, na washiriki walipata alama kwa kuimba vizuri nyimbo za Wamarekani. Hatuwalaumu vijana. Walicheza mchezo kwa kanuni walizozikuta. Lakini mhakiki ana haki ya kuzisoma kanuni kama anavyosoma matini yoyote, na kanuni hizi zina ukimya mkubwa: hazikuwa na sharti lolote kuhusu lugha. Nchi zote zilizoshiriki zilikuwa na lugha moja ambayo mpishi wa Mombasa, dereva wa lori wa Rusumo na mchuuzi wa Bujumbura wanaweza kuelewana kwayo, nayo haikudaiwa hata kwa wimbo mmoja. Lugha yenye wasemaji wasiofika laki sita ilikuwa na haki jukwaani Minsk kwa mujibu wa kanuni. Lugha yenye makumi ya mamilioni haikuwa na haki hiyo Nairobi. Mashindano ya ndani ya nchi yalifanya vizuri zaidi: Bongo Star Search ya Tanzania iliendeshwa kwa Kiswahili bila kuona aibu, na Primus Guma Guma Super Star hapa Rwanda, kuanzia 2011 alipotwaa ushindi Tom Close, ilisimama juu ya Kinyarwanda. Mpaka ulipovukwa, lugha za nyumbani ziliachwa forodhani.

Wakazi wa Kinyinya wana sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Tangu miaka ya 1960 hadi Machi 2015 kilima chao kilikuwa na milingoti ya Deutsche Welle, kituo kilichorusha kwa masafa mafupi matangazo ya Wajerumani kwenda pembe nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Msikilizaji wa Tabora au Kisangani hakujua kwamba sauti ile ilipaa kutoka Kinyinya. Wala haikupaa kwa sababu Kiswahili ni lugha tamu, kama tunavyopenda kusema katika hotuba. Ilipaa kwa sababu watu fulani huko Ujerumani waliamua iwepo, wakaitengea fedha, na walipoamua kwamba masafa mafupi yamepitwa na wakati, milingoti ikazimwa. S4C ilimpeleka Manw kwa uamuzi na fedha vivyo hivyo. Rwanda iliamua mwaka 2017 kukifanya Kiswahili lugha rasmi, Umoja wa Afrika ukakipa nafasi ya lugha ya kazi mwaka 2022, na tarehe 7 Julai huadhimishwa kila mwaka kama Siku ya Kiswahili Duniani. Haya yote ni maamuzi mema. Hakuna hata moja kati yake lililompa kijana wa miaka 14 jukwaa la kimataifa la kuimbia.

Baadhi ya wanafunzi wa mwaka wa tatu wamependekeza kwamba shindano la nyimbo la vyuo, likifanyika, liwe na sharti kama lile la Ulaya: sehemu kubwa ya kila wimbo iwe Kiswahili, inayobaki iwe lugha yoyote. Pendekezo ni zuri, na tunaliunga mkono, lakini litaleta kazi ambayo majaji wa Minsk hawakuwa nayo. Kiwelisi na Kiingereza havichanganyikani kwa urahisi masikioni. Kiswahili cha nyimbo zetu kimechanganyika na kila kitu. Bruce Melodie, aliyeshinda Guma Guma mwaka 2018, ana wimbo uitwao "Saa Moya". Mwalimu wa sarufi atachukua kalamu nyekundu aandike *moja*. Mtu wa Goma au Bukavu atamwambia kwamba *moya* ndivyo kwao kunavyosemwa tangu babu zake, na kwamba hata yeye ni Mswahili. Kamati itakayoandaa shindano itabidi iamue kabla ya kuhesabu asilimia: neno hilo litaingia katika fungu la Kiswahili au katika fungu la lugha nyingine?